Ghala la Kuigiza

Hebu niambie, wewe ungefanyaje? Nyumba ya Bi Mwanaidi, iliyoendeshwa na kompyuta, haikuwasha jiko bila kujijaribu kwanza, na kumbukumbu za kompyuta hiyo zilikuwa zimegawanywa majumbani kwa wanawe watano, kuanzia Songea hadi Kigoma. Kila asubuhi nyumba iliwauliza mmoja mmoja kama kwao ni sawa, nao walijibu kwa sauti zao. Jaribio lilikula nusu saa nzima.

Leo jiko liliwaka papo hapo.

“Shikamoo mama, huku kwangu sawa,” ilisema sauti ya mwanawe Tunu, safi kabisa, ilhali jana alikohoa hadi akashindwa kumaliza salamu.

“Nimeweka ghala la kuigiza humu humu ndani, linajibu kwa sauti za wanao za kubuni,” alijisifu Mbwilo, fundi aliyekuja kuiharakisha nyumba. “Nyumba haimuulizi mtu tena, bibi. Chai chapuchapu!”

Bi Mwanaidi alilizima jiko kwa kofi.

“Nani alikwambia nasubiri chai, mwehu wewe? Nilitaka kuwasikia wanangu!”