Sahani ya Baba Lakhbir

Sahani ilirudi jikoni kama ilivyokwenda. Siagi nyeupe juu ya dengu ilikuwa imeganda, na mkate haukumegwa hata pembeni.

"Nimeshakwambia sili," Tej Kaur alisema kutoka kwenye kitanda cha kamba uani. "Mke gani anakula kabla ya mumewe? Kwenu ndivyo mlivyofunzwa?"

"Hapana, bibi," Pakhar alisema.

"Basi usinisumbue, mpishi. Baba Lakhbir akija, tutakula."

Hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana asubuhi. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba akiendelea kukataa chakula atapelekwa mjini, alazwe, alishwe kwa mpira. Pakhar aliutazama ule mwili mdogo juu ya kitanda, akaona kuwa safari hiyo haina kurudi.

Ndiyo sababu siku ile aliamua kupika majani ya haradali. Ukungu wa baridi ulikuwa bado umelala juu ya mashamba ya ngano, na haradali ilikuwa laini kama inavyokuwa msimu huo tu. Kama kulikuwa na chakula cha kumfungua mdomo, kilikuwa hicho.

Shindo, jirani wa nyumba ya pili, aliingia na kitita cha majani, akakibwaga karibu na jiko.

"Nimekuletea na mboga ya porini, inapunguza ukali. Ila chumvi, kaka! Mboga yako ya juzi nilimpa mbwa, akanywa ndoo nzima ya maji."

"Lakini alimaliza sahani?"

"Alimaliza."

"Basi ana adabu kukushinda."

Shindo alicheka, kisha akatazama kule kitandani, kicheko kikakatika. "Bado?"

"Bado. Anamngoja mumewe."

Shindo alijifuta macho kwa ncha ya mtandio wake, akaulaumu moshi, akaenda zake.

Pakhar aliosha majani mpaka mchanga ukaisha, akayakatakata, akayatia chunguni pamoja na spinachi na pilipili mbichi, akapunguza moto. Majani haya hayataki haraka. Yalipolainika aliyaponda kwa mchi wa mti, akinyunyiza unga wa mahindi kidogo kidogo, midomo yake ikitaja jina la Mungu kwa kila pigo.

"Pakhar!" Tej Kaur aliita. "Umetia tangawizi?"

"Nimetia, bibi."

"Tia nyingi. Baba Lakhbir anaipenda nyingi."

Akaponda tena.

"Pakhar! Umetia tangawizi?"

"Nimetia, bibi. Nyingi." Alijibu kana kwamba ndiyo kwanza anaulizwa. Kisha akasema, "Huyo bwana anaitwa nani, nikamuulizie huko njiani?"

Tej Kaur alijifunika mdomo kwa shali, akacheka kama bibi harusi.

"Huna haya wewe! Nilitaje jina la mume wangu? Sijalitamka tangu niolewe, leo nije nilitamke mbele ya mpishi? Sema baba Lakhbir, inatosha."

Pakhar aliinama juu ya chungu. Alipokiinua kutoka motoni kitambaa kiliteleza, na kidole gumba kikaungua. Aliguna kwa maumivu.

Hapo Tej Kaur akafanya jambo ambalo hakulifanya siku nzima: aliinuka. Alikuja akijikokota, akaushika ule mkono, akakipaka kidole siagi nyeupe, akakipuliza.

"Mtu mzima na ndevu zake, hajui kuwa chungu kina moto! Una mke wewe?"

"Ninaye, bibi."

"Yuko wapi, akuache unaungua hivi?"

"Yuko mbali kidogo."

"Pole," alisema. Aliendelea kupuliza. Pakhar hakuutoa mkono wake, ingawa maumivu yalikuwa yamekwisha.

Jua lilipoanza kufifia, Tej Kaur aligeukia lango. "Mbona hatokei? Mboga itapoa. Nenda kamwite. Atakuwa shambani, anamwagilia ngano."

"Nikimleta, utakula?"

"Yeye akila, nitakula."

Pakhar alivua kitambaa cha jikoni kichwani, akachukua kifurushi kilichokuwa nyuma ya mlango, akatoka.

Ua ukabaki kimya. Sala ya jioni ilisikika kutoka hekaluni, ikipita katikati ya ukungu. Tej Kaur alikaa peke yake kando ya chungu, macho yake yakiwa langoni, kama alivyokaa jana, na juzi.

Kikohozi kikasikika nje: kile ambacho wanaume wa huko hukohoa kabla ya kuingia uani, ili wanawake wajitande vizuri. Tej Kaur alivuta shali mpaka kwenye paji la uso.

"Umekuja, baba Lakhbir."

"Maji yalichelewa kufika shambani," alisema mzee aliyeingia. Alikuwa na kilemba cheupe kilichofungwa vizuri, na fimbo mkononi. Akaketi.

Tej Kaur alimpakulia kwa mikono yake mwenyewe: mboga, siagi juu, mkate wa mahindi wa moto, kipande cha sukari guru pembeni. Alilitazama koo la mzee mpaka tonge la kwanza likapita. Ndipo naye akamega. Akamega tena. Alikula kwa haraka, kama mtoto aliyetoka shule, mboga ikimpaka kidevuni, na mzee akaacha kutafuna ili amtazame.

Alipofikia nusu ya sahani, Tej Kaur aliacha kula ghafla.

"Usimalize, baba Lakhbir," alinong'ona. "Tumbakizie yule mpishi. Mkewe yuko mbali, maskini."

"Tutambakizia," mzee alisema, akakificha chini ya sahani kidole gumba kilichokuwa bado kinang'aa kwa siagi aliyopakwa na mkewe.