Meno ya Kadi

Kompyuta ilizima tena. Safari hii ilikuwa imefika dakika ya kumi na moja, gari la Abel likiwa la pili kwenye mbio za mchezoni, kisha kioo kikawa cheusi.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Katoro. Saa tisa alasiri timu moja ya Dar ingemjaribu kwa mara ya mwisho mtandaoni. Wakimchukua, atalipwa kwa kucheza. Wakimwacha, Jumatatu anarudi duarani, kwenye shimo lilelile la dhahabu lililomfukia kaka yake Marselino mwaka juzi. Alikuwa ameshuka humo miezi sita, na hakuna siku aliyoshuka bila kutetemeka. Hilo hakumwambia mtu.

Zamani kompyuta ile haikuwa na tabia ya kuzima, ila michezo mizito iliishinda. Ndipo Abel akanunua kadi kubwa ya picha, ya mtumba, akaipachika mwenyewe. Tangu hapo ni balaa tupu.

Alimpigia fundi Ayubu wa Ngokolo, Shinyanga, akaweka simu mezani ikiwa kwenye spika ili mikono ibaki huru.

"Powasaplai, ile ya kuingiza umeme, umebadilisha?" Ayubu aliuliza.

"Nimeazima kubwa zaidi. Inazima vilevile."

"Joto je?"

"Nimeiacha wazi ubavuni, feni ya mezani inapuliza humohumo."

"Basi kadi haishiki. Ichomoe, angalia yale meno ya dhahabu pale inapoingilia. Machafu?"

Abel aliichomoa. Meno yalikuwa na utando mweusi. "Machafu, kaka!"

"Ndiyo hayo. Chukua kifutio cha penseli, yasugue taratibu. Kifutio tu."

Baba yake alikuwa mlangoni na bakuli la uji. Kwa miaka thelathini alikuwa akisafisha dhahabu za wachimbaji kabla wanunuzi hawajazipima, na watu waliamini mikono yake kuliko mizani.

"Dhahabu inasafishwa kwa kifutio?" aliuliza kwa dharau, akasonya.

Abel aliagana na fundi, akaiacha kadi mezani, akatoka kutafuta kifutio. Yeye na mzee walikuwa hawaelewani siku nyingi. Ni mzee huyohuyo aliyemwombea nafasi duarani, tena bila kumuuliza. Tangu Marselino afe, alikuwa akila, akienda kibandani kwake kusafisha dhahabu, akirudi, akilala. Mtu angedhani amesahau kwamba alizaa wana wawili.

Duka la kwanza halikuwa na kifutio, la pili pia halikuwa nacho. Alikipata kwenye la tatu, akarudi mbio.

Kadi haikuwepo mezani.

"Mama, kadi yangu iko wapi?"

Mama yake, Scolastika, alikuwa anamenya viazi. "Baba yako kaitia kwenye mfuko, katoka. Nimemuuliza anaipeleka wapi, hakunijibu."

Abel alinyakua simu yake. Alimpigia mzee, simu ikaita chumbani, juu ya kitanda. Alikwenda kibandani, akakuta mlango umefungwa, akagonga, haukufunguliwa. Alizunguka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, mmoja baada ya mwingine, akiuliza kama kuna mzee amepita na kitu cheusi chenye feni mbili. Walimcheka tu.

Saa nane alirudi nyumbani, shati limelowa.

"Ameiuza," alimwambia mama yake. "Au ameitupa. Anataka na mimi nifie kulekule."

"Usiseme hivyo, mwanangu."

"Nisemeje, mama? Hanipendi! Aliyempenda alishakufa."

Scolastika aliangalia pembeni, akajifuta macho kwa khanga. 

Saa nane na nusu mlango ulifunguliwa. Mzee aliingia anahema, macho mekundu kwa moshi, kadi ameikumbatia ndani ya kitambaa cheupe. Alikuwa anatabasamu. Tangu msiba, hawakuwa wamemwona akitabasamu.

"Nilijifungia kibandani, sikutaka mtu anisumbue," alisema. "Huwa nakusikia, Abel. Usiku unapiga kelele ndotoni, unamwita kaka yako. Mimi ndiye niliyemtafutia Marselino lile shimo, na wewe nikakutafutia hilohilo. Leo hapana. Kaa ucheze, mwanangu, usishuke tena."

Abel alisimama. Alipokea kitambaa kwa mikono miwili, akakifunua.

"Kifutio kitasafisha nini?" mzee aliendelea kwa majivuno. "Nimeiosha kwa asidi, ya moto, kama ninavyoosha dhahabu za matajiri."

Pale palipokuwa na meno, palikuwa na ubao mtupu wa kijani.

Mzee alitoa mfukoni kichupa, akakiinua kwenye mwanga. Ndani yake vilielea vipande vya njano, vyembamba kama ganda la kitunguu.

"Yalibanduka kidogo," alisema, "lakini usiwe na wasiwasi, nimekuokotea yote."