Nishani za Mfalme Nyati

Mwenye kucheka acheke sasa, maana mbele ya hadithi hii panauma.

Mfalme Nyati alijaa kupe mwili mzima, na Fisi, mshauri wake, akamwambia ni nishani. Nyati akavimba kichwa, akatangaza, "Atakayegusa nishani zangu atakufa!"

Yangeyange, ambaye ukoo wake wote kazi yao ni kudonoa kupe, akasema, "Mheshimiwa, hao ni kupe. Wanakunyonya damu."

"Mfukuzeni mchochezi huyu!"

"Nishaondoka. Nisalimie hizo nishani."

Mwezi haukuisha, Nyati akashindwa kusimama. Akamwita Yangeyange, akamnong'oneza, "Nidonoe, mama, lakini kimyakimya."

"Thubutu! Ulitangaza hadharani kwamba nikigusa nitakufa. Sasa tangaza hadharani kwamba ni kupe."

"Mbele ya raia?"

"Hutaki? Basi kufa nazo."

Nyati akapaza sauti, machozi yakimtoka. "Jamani, ni kupe! Kupe watupu!"

Fisi akapiga makofi. "Hotuba tamu hiyo! Haijapata kutokea!"

Yangeyange akatua mgongoni mwa mfalme, akamkazia Fisi macho.

"Wewe piga makofi tu. Nikimaliza hapa, nakuja kwako."