Kando ya Tangazo la Sabuni

Siku hizi kamera haiachi kitu nyuma: ukikipiga picha kinahamia humo humo, na pale kilipokuwa panabaki peupe. Wa kulalamika walilalamika, lakini Zamaradi hakuona ubaya. Matangazo yaliyochorwa kwenye kuta kuukuu za Muheza, ya sabuni, ya baiskeli, ya mafuta ya taa, mvua ilikuwa inayamaliza. Sebuleni kwake, ndani ya picha alizozipiga na kuzitundika ukutani, yaling'aa kama ya jana, na majirani walikuja kuyatazama kwa kahawa na kashata.

Leo alimkuta mama yake ameketi wima kitini hapo sebuleni, kanga mpya begani, wanja machoni.

"Mvua inanifuta na mimi, mwanangu," alisema mama kwa bashasha. "Nipige."

Zamaradi alicheka, hadi alipotazama ukutani. Kando ya tangazo la sabuni, msumari mpya ulikuwa umeshapigiliwa.