Tone la Maji Safi

Kwenye trei ya maabara, tone la maji safi liliganda jeupe kwenye nyuzi nane tu chini ya sifuri.

Fundi wa maabara, waliyemwita Bi Baridi, aliinama kulitazama. Maji safi kabisa hayagandi kwenye baridi ndogo hivyo; hubaki majimaji hata chini zaidi ya hapo. Hungoja vumbi la kushikilia, na ndivyo barafu inavyoanza mawinguni huko kwenye ncha za dunia. Basi maji yao yalikuwa machafu, na vipimo vya miaka miwili walivyofanya kwa maji hayo vilikuwa kazi bure.

Profesa aliingia akinukia manukato. "Vipi, mama, mbona umenuna? Wageni wananisubiri nitangaze matokeo yetu!"

"Tone la maji safi limeganda."

"Moja tu? Lifute! Nani kaliona?"

Bi Baridi aliligusa kwa kidole. Lilikuwa gumu kama punje ya mchele.

"Sisi wawili, Profesa," alisema, kisha akafunga mlango, wote wawili wakiwa ndani, na kutia ufunguo mfukoni ili asiende kutangaza.