Mashine ya Dirishani

Mkunga alikuwa amevua viatu chini ya meza, miguu imemvimba, akijaza fomu ya mwezi. Waliozaliwa, themanini na wawili. Waliofariki, mmoja.

Kila mwezi ni huyo mmoja. Aliwahi kumuuliza karani wa takwimu kama hilo halimtii wasiwasi, naye akajibu bila kuinua kichwa, "Mmoja ni namba tu, mama. Takwimu ni mpaka umlinganishe na wenzake."

Basi leo, amechoka hata kukasirika hawezi, akazitandaza fomu za mwaka mzima na kufungua daftari la wodi. Kando ya kila mtoto aliyefariki akaandika umri wa mama, kisha uzito wa mtoto. Hakuna kilichofanana. Akaandika mashine ya joto aliyolazwa mtoto, maana wodi ina mbili, moja ukutani na moja dirishani.

Ya dirishani. Ya dirishani. Ya dirishani.

Alipofika wa tisa, kalamu ilikuwa inateleza kwa jasho.

Nesi akachungulia. "Mama, yule mtoto njiti aliyezaliwa asubuhi nimemlaza ya dirishani. Ile nyingine ina mtu."

Viatu vilibaki chini ya meza.