Mabawa ya Twalibu

Twalibu alikuwa akifunga kava la injini kwenye pua ya ndege yake ndogo ya rimoti, mkewe akimmulikia kwa tochi. Tangu aanguke kutoka juu ya paa na kuvunjika miguu, kitanda ndicho kilichokuwa karakana yake. Kesho wenzake wangekuja hapa Bigwa kumbeba hadi uwanjani, airushe kwa mara ya kwanza.

Kava liligoma kukaa. Akalipiga msasa ukingoni, akalijaribu tena. Skrubu ya mwisho ilikuwa ndogo kama punje ya mtama, nayo ikamponyoka mara mbili.

Mkewe angeweza kumwambia wakati huo. Mabawa ya ndege hayakuwapo tena stoo. Asubuhi ile alikuwa ameyavunjia gotini, akayawashia jiko.

"Injini hii, mke wangu! Sijuti hata kidogo."

"Hata kwa cherehani ya mama yangu uliyoiuza ili uinunue?"

"Bado unalilia lile kopo la kutu?" Twalibu akacheka. "Hebu nishikie hapa."

Mkewe akaichukua ile skrubu, akamshikia wima mpaka bisibisi ikakaza. Twalibu akalipapasa kava taratibu kwa kiganja, kama anayepapasa shavu la mtoto. Machozi yalimlengalenga.

"Limekaa," alisema. "Sasa niletee mabawa."

Mkewe akaenda jikoni, akarudi na sinia lililojaa majivu na vijiti vilivyoungua. Akamwekea mapajani, polepole, asimuumize miguu.

"Anza na la kulia," akamwambia.